Maswali ya Wasomaji: Injini Inayochemka Mlimani, Breki za Sachangwan na Peugeot 504 ya Urithi

Barua za toleo hili zimetoka kwa wasomaji wanaoishi pande zote mbili za milima ya Mau, na ingawa kila mmoja analalamikia kifaa tofauti, nyingi zinafanana kwa jambo moja: mtu amekwisha kubadilisha kifaa, au yuko mbioni kukibadilisha, kabla ya kuuliza cha awali kilishindwa na nini. Barua ndefu nimezifupisha bila kugusa maana yake, na majina ya walioziandika nimeyahifadhi.

Fundi, nina Toyota Fielder ya mwaka 2005. Nikiwa mjini Kisumu, hata kwenye msongamano, gari halina taabu, lakini kila ninapopanda kutoka Awasi kwenda Kericho na hatimaye Mau Summit, mshale wa joto hupanda na maji hutapika kwenye chupa ya akiba. Fundi wa kwanza aliondoa themostati (valvu inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta yakishapata joto) akisema kwamba katika nchi ya joto haihitajiki. Wa pili aliniuzia rejeta mpya. Gari bado linachemka. Natumia maji ya mfereji. Nifanyeje?
*Mfanyabiashara, Kondele, Kisumu*

Pole kwa gharama. Gari lingekuwa linachemka kwenye msongamano tu, ningeanza na feni, lakini gari linalotulia mjini na kuchemka mlimani lina tatizo la shinikizo au la mzunguko wa maji. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na hapo maji katika sufuria isiyofunikwa huchemka yakikaribia nyuzi 96 za Selsiasi. Ukifika kwenye mita 2,500 hivi, huko juu Mau, maji yale yale huchemka kwenye nyuzi 92 au pungufu kidogo. Themostati ya injini nyingi za Toyota huanza kufunguka kwenye nyuzi 82, na injini inayopanda mlima ikiwa na mzigo hupita nyuzi 90 bila kuwa na hitilafu yoyote. Kwa hiyo, mfumo wa kupozea usiposhika shinikizo, maji yatachemka hata kama injini yenyewe ni nzima kabisa.

Kinachoshika shinikizo hilo ni kifuniko cha rejeta, kifaa cha bei ndogo ambacho, kwa maelezo yako, hakuna fundi aliyekigusa. Juu yake kumeandikwa namba, kwa kawaida 0.9 au 1.1, inayoonyesha shinikizo ambalo springi yake huvumilia kabla ya kuyafungulia maji njia ya kwenda kwenye chupa ya akiba. Kikiwa kizima, maji hayachemki mpaka yapite nyuzi 110 hata huko Mau. Raba yake ikikauka au springi ikilegea, faida hiyo yote hupotea, na maji hutapika kama unavyoeleza. Mara nyingi rejeta mpya hufungwa kisha kifuniko cha zamani kikarudishwa juu yake, na nashuku ndivyo ilivyokuwa kwako. Nunua kipya chenye namba ile ile iliyoandikwa katika kitabu cha gari, wala usitafute namba kubwa zaidi ukidhani utaongeza usalama, kwa sababu mipira ya maji na matangi ya plastiki ya rejeta yalitengenezwa kuhimili shinikizo hilo na si zaidi.

Baada ya hapo, rudisha themostati. Hoja ya kwamba nchi ya joto haihitaji themostati nimeisikia tangu nilipoanza kushika spana na sitarajii kuacha kuisikia, lakini katika injini kama yako ina madhara ya moja kwa moja. Themostati hiyo ina kisahani cha pili upande wa nyuma ambacho, inapofunguka, huziba njia ya mkato inayorudisha maji ndani ya injini bila kupitia kwenye rejeta. Ukiiondoa, njia hiyo hubaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto huzunguka tu ndani ya injini huku rejeta yako mpya ikipokea yaliyobaki. Asubuhi ya baridi ya Kericho nayo huleta hasara ya kinyume: injini hukawia kupata joto, kompyuta huongeza petroli, na unyevu haukauki katika oili.

Maji ya mfereji yaache. Wengi huamini kwamba kulanti ni dawa ya barafu na kwa hiyo haituhusu, ilhali kazi yake kubwa kwetu ni kuzuia kutu, kulinda sili ya pampu ya maji na kuongeza nyuzi chache kwenye kiwango cha kuchemka. Changanya nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri, kwa sababu madini ya maji ya mfereji na ya visima huganda ndani ya mirija membamba ya rejeta. Mwambie fundi aangalie pia nafasi iliyo kati ya rejeta na kondensa ya kiyoyozi, ambako vumbi, wadudu wa ziwani na makapi ya miwa yanayoanguka kutoka kwenye trela za Muhoroni na Chemelil hujikusanya na kuziba hewa, huku mtu anayetazama kutoka mbele akidhani pasafi. Paoshwe kwa maji ya nguvu ndogo, kutoka upande wa injini kwenda nje.

Ikiwa baada ya haya yote bado linachemka, ndipo tushuku gasketi ya hedi, yaani ya kile kichwa kinachofunika silinda. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko kisha uiwashe: viputo visivyokoma, au mpira wa juu wa rejeta kuwa mgumu dakika chache tu baada ya kufunika na kuwasha, ni dalili kwamba gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa haihitaji kipimo kingine.

Na siku ikikutokea tena njiani, zima kiyoyozi, fungua hita hadi mwisho ingawa utatoka jasho, kisha uegeshe mahali salama. Mshale usiposhuka, zima injini usubiri mpaka mpira wa rejeta ushikike kwa mkono. Usifungue kifuniko kabla ya hapo, na usimruhusu msamaria mwema yeyote kumwagia injini maji baridi, kwa maana hedi ya aluminiamu huweza kupinda.

Je, ni sahihi kujaza matairi upepo wa 40 kwa kuwa barabara za huku ni za murramu?
*Msomaji, Bungoma*

Si sahihi. Fungua mlango wa dereva utazame kibandiko kilicho kwenye nguzo. Magari mengi madogo kutoka Japani huandikiwa kilopaskali 220 au karibu na hapo, yaani takriban 32 katika kipimo cha psi kinachotumiwa kwenye vituo vyetu vya mafuta. Pima asubuhi kabla ya kutembea, kwa sababu tairi lenye joto hudanganya. Tairi lililojazwa kupita kiasi hugusa ardhi kwa sehemu ya katikati tu, huruka kwenye mawe na hupasuka kwa urahisi likigonga ukingo wa shimo. Soma pia tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu wake baada ya herufi DOT: 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi hata likiwa na meno marefu huzeeka.

Ninaendesha Toyota Probox ya gia otomatiki kati ya Molo na Nakuru karibu kila siku. Nikiteremka Sachangwan kuelekea Salgaa huweka gia kwenye N (nyutro) ili kuokoa petroli, na nikifika chini husikia harufu ya kuungua. Pedi nimebadilisha mara mbili mwaka huu. Juma lililopita pedali ilizama ghafla ikawa laini, kisha ikarudi. Fundi anasema nibadilishe tena pedi, safari hii za bei ghali.
*Dereva, Molo*

Pedali iliyozama ikarudi ni onyo kubwa kuliko harufu, na ningekuomba usiteremke tena mteremko huo kabla ya kubadilisha mafuta ya breki. Pedi zako hazina hatia, na za bei ghali zitaungua vilevile.

Mafuta ya breki hufyonza unyevu kutoka hewani, na unyevu huo hushusha kiwango chake cha kuchemka. Mafuta ya daraja la DOT 3 yanapokuwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205, lakini yakishafyonza maji kiwango kinachokubalika hushuka hadi 140. Kwa DOT 4 viwango hivyo ni 230 na 155. Breki iliyokanyagwa mfululizo kwenye mteremko mrefu hupeleka joto la kutosha kuyachemsha mafuta yaliyochoka, na yanapochemka huzaa mvuke, na mvuke hubonyea ilhali mafuta hayabonyei, ndipo mguu wako unapozama bila gurudumu kushikwa. Mvuke ukipoa, pedali hurudi, na dereva hujisahaulisha. Mafuta haya yabadilishwe yote kila baada ya miaka miwili, hewa itolewe kwenye magurudumu yote manne, na yasichukuliwe kutoka kwenye chupa iliyokaa wazi kwenye rafu ya gereji.

Sasa tuje kwenye N. Tabia hii wameieneza madereva wa malori, na mteremko wa Sachangwan na Salgaa umezika watu wengi kwa sababu yake, lakini hata tukiacha usalama kando, haiokoi petroli. Gari lako lina mfumo wa kupuliza petroli unaoongozwa na kompyuta. Unapoondoa mguu kwenye kichapuzi gari likiwa ndani ya gia na injini ikizungushwa na magurudumu, kompyuta hukata petroli kabisa. Ukiweka N, injini haina kinachoizungusha, na kwa hiyo ni lazima ichome petroli ili isizimike. Unalipia kitu unachodhani unakiokoa, na juu yake unaongeza bei ya pedi.

Kabla ya kuanza kuteremka, si ukiwa katikati, zima overdraivu, ile gia ya juu kabisa ya mwendo kasi, kwa kitufe kilicho kwenye kishikio cha gia, na mteremko ukizidi vuta gia hadi 2. Injini itanguruma, na mngurumo huo hauna madhara maadamu mshale wa mizunguko haujafika kwenye eneo jekundu. Breki uikanyage kwa nguvu kidogo, upunguze mwendo vya kutosha, kisha uiachilie ipoe, badala ya kuweka mguu juu yake kilomita nzima. Ukisikia harufu, egesha mahali tambarare, weka jiwe chini ya gurudumu badala ya kuvuta breki ya mkono, na usimwagie disko maji.

Fundi, marehemu baba yangu aliacha Peugeot 504 saluni ya miaka ya 1970 ambayo haijawashwa kwa miaka mingi. Mimi ni mwalimu mstaafu na ningependa kuifufua, na siku moja, Mungu akijalia, niiendeshe hadi Naivasha kutazama Safari Rally. Fundi wa hapa anashauri tuing'oe injini tuweke ya Toyota, kwa kuwa petroli ya siku hizi haina madini ya risasi na itaiharibu injini ya kale. Je, ni kweli?
*Mwalimu mstaafu, Kakamega*

Mwalimu, pokea heshima zangu. Fundi wako ana nusu ya ukweli. Risasi iliyotiwa kwenye petroli zamani iliacha utando mwembamba juu ya viti vya valvu za moshi, na utando huo ulizuia chuma kusagana na chuma. Nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara, Kenya ikiwemo, ziliiacha petroli hiyo kufikia mwanzo wa mwaka 2006, kufuatia makubaliano yaliyofanywa Dakar mwaka 2001. Injini zilizoumia zaidi ni zile ambazo hedi yake ni ya chuma cha kusubu na viti vya valvu vimechongwa ndani ya chuma hicho hicho laini. Hedi ya 504 ni ya aluminiamu, na kwa sababu aluminiamu haiwezi kuhimili kugongwa na valvu, ni lazima viti viwe vimepachikwa kutoka metali ngumu zaidi.

Namna ya kuwa na hakika ni kupima. Rekebisha nafasi za valvu kama kitabu kinavyoagiza, tembea kilomita elfu chache, kisha upime tena. Nafasi za valvu za moshi zikiwa zimepungua, basi viti vinaliwa, na hapo ndipo utakapopeleka hedi kwa mchonga vyuma wa Kisumu au Nakuru akupachikie viti vigumu. Zisipopungua, huna sababu ya kutumia hata shilingi. Ikiwa injini itagongagonga kwa kukosa oktani, rudisha muda wa cheche nyuma kidogo. Mwinuko wetu wenyewe unasaidia, kwa kuwa hewa nyepesi hupunguza ugonjwa huo. Petroli iliyochanganywa na spiriti ya molasi kutoka Muhoroni katika miaka ya 1980 ilizikuta 504 nyingi barabarani, na si hiyo iliyoziondoa.

Linalonitia hofu zaidi katika gari lako ni maji. Injini hii ina slivu, yaani mirija ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, ambazo maji ya kupozea huzigusa moja kwa moja, na sili zilizo chini yake ndizo pekee zinazoyazuia yasishuke kwenye oili. Gari likikaa miaka na maji matupu, slivu huliwa na kutu na sili hukauka. Kwa hiyo anza na kijiti cha oili, kisha ufungue nati ya chini uone kinachotangulia kutoka; maji yakitangulia, injini lazima ifunguliwe kabla ya jaribio lolote la kuiwasha.

Yasipotoka maji, bado usiguse ufunguo. Toa plagi zote nne, mimina oili kidogo katika kila silinda, iache hadi kesho yake, kisha uzungushe injini kwa spana kwenye nati ya puli ya mbele, polepole, ukisikiliza. Ikikataa, ongeza oili na subira, si nguvu. Petroli ya zamani imwagwe na tangi lioshwe, la sivyo gundi na kutu vitafika kwenye kabureta. Mipira yote ya petroli, ya maji na ya breki ibadilishwe bila kuhurumiwa hata ile inayoonekana nzuri, na raba za silinda kuu ya breki na za magurudumu vilevile, kwa sababu gari linalowaka na lisilosimama ni hatari kuliko lililolala. Angalia waya zilizotafunwa na panya chini ya dashibodi. Matairi yaliyobeba gari bila kusogea miaka yote hiyo ni ya kutupa.

Kuhusu injini ya Toyota: kuna 504 nyingi za pikapu ambazo zimebadilishiwa injini na zinaendelea kubeba mzigo mashambani, nami sina ugomvi na mtu anayetafuta riziki. Gari lako ni jambo lingine. Aina hii ilianza kutengenezwa mwaka 1968, ikashinda Safari Rally mwaka 1975 mikononi mwa Ove Andersson na tena mwaka 1978 na Jean-Pierre Nicolas, baada ya ndugu yake 404 kushinda mwaka 1963 na kisha mara tatu mfululizo kuanzia 1966. Na ile yenye viti vya ziada nyuma ndiyo iliyowasafirisha abiria wa Nakuru na Kisumu kabla ya enzi za matatu za Nissan. Ikiwa na injini yake ni gari la kale. Ikiwa na nyingine ni gari kuukuu, na wapenzi wa magari ya kale hawatalipa bei ile ile. Isitoshe, namba ya injini imo katika hati ya umiliki, kwa hiyo kuibadilisha kutakupeleka NTSA, mamlaka ya usafiri, ambako huenda bado una safari nyingine ya kulihamisha gari kutoka jina la marehemu, na kwa hilo utahitaji kwanza hati ya urithi kutoka mahakamani.

Naivasha isiwe safari ya kwanza. Nenda Mumias urudi, halafu Kisumu urudi, ukikaza nati na kutazama chini ya gari kila usiku. Mbio hizo zilirejea kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 na kituo chake kimekuwa Naivasha, kwa hiyo utapita Kericho na Mau, na huko kabureta iliyorekebishwa Kakamega itatoa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo: gari litalegea, pengine na moshi mweusi kidogo. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda. Teremsha gia, endesha taratibu, na usimruhusu fundi wa kando ya barabara azungushe skrubu za kabureta, kwa maana ukishuka Nakuru utahitaji kumtafuta mwingine azirudishe.

Mto Nyando ulipofurika, maji yaliingia kwenye Nissan yangu hadi kwenye viti. Nilipojaribu kuiwasha ilitoa mlio mmoja "ko!" ikanyamaza. Fundi ameleta stata nyingine.
*Mkulima wa mpunga, Ahero*

Stata hiyo isifungwe. Mlio wa namna hiyo humaanisha uwezekano mkubwa kwamba maji yamo ndani ya silinda, na kwa kuwa maji hayashindiliki kama hewa, pistoni iliyosukumwa juu yake hupinda kono lake, yaani fimbo inayoiunganisha na shafti. Stata yenye nguvu zaidi itamalizia kazi.

Tenganisha betri. Fungua kisanduku cha chujio la hewa. Kikiwa kimelowa, toa plagi zote, zungusha injini kwa mkono hadi maji yatoke, kisha mwaga oili yote ya injini pamoja na ya gia uweke mpya, na ukishatembea siku chache uibadilishe tena. Ikiwa injini inazunguka lakini pistoni moja haifiki juu kama wenzake, kono limepinda na hakuna njia ya mkato. Chujio likiwa kavu, huenda umenusurika na maji hayo yalipitia mlangoni tu, na hapo kazi iliyobaki ni ya zulia, waya na kompyuta iliyo chini ya dashibodi, ambayo ikaushwe kabisa kabla ya betri kurudishwa.